Mbegu Iko kwa Jirani

Mwambie mtu wa Mombasa au wa Unguja kwamba Lubumbashi kuna baridi ya kuua mmea, atacheka. Kongo aijuayo yeye ni ya msitu, mto mkubwa na joto la kunata mwilini. Hata ramani iko upande wake: mji huu uko kusini kidogo tu ya Mtwara, na Mtwara hakuna anayefunika mche kwa gunia. Lakini Mtwara iko ufukweni. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, katikati ya bara, bahari zote mbili zikiwa mbali. Mvua ikishakatika Aprili hairudi mpaka Oktoba ikielekea ukingoni, na mara nyingine Novemba. Juni na Julai upepo hutoka kusini-mashariki, hewa hukauka hadi midomo ikapasuka, mbingu hukaa bila wingu, na usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, alfajiri nyingine hadi 5 au 6. Kwenye nyanda za juu za Biano, na kwenye mabonde ya majimaji ambayo huku tunayaita dembo, kuna asubuhi nyasi huamkia nyeupe kwa jalidi.

Katuba ilichorwa na wakoloni miaka ya 1950, kusini mwa mji, iwe makao ya Waafrika ambao kazi zao zilihitajika mjini lakini si ujirani wao. Barabara zilinyooshwa kwa rula, na kila nyumba ikapewa lupango yake, yaani kiwanja na ua wake. Nyumba zilikuwa ndogo. Udongo wa nyuma haukuwa mdogo sana. Humo ndani, mpaka leo, utakuta mwembe au mparachichi, mpapai mmoja uliojiotea, migomba kando ya bafu, kitalu cha lengalenga, yaani mchicha, na kipande cha matembele kinachotambaa hadi mlangoni. Bustani ya Katuba haikupangwa na mtu wa bustani. Imepangwa na maji machafu yanakopita.

Kati ya mimea hiyo, mingi ni wageni wasiozoea baridi. Muhogo, kiazi kitamu, mpapai na nyanya vilitoka Amerika. Mgomba ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mgomba huacha kutoa jani jipya joto likikaribia nyuzi 10, ukabaki umesimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Nyanya huchanua, kisha maua yakaanguka bila tunda, kwa sababu usiku ulikuwa baridi mno kwa chavua. Matembele huanza kuungua pembeni, jani likawa jeusi na lenye ulaini wa kuoza. Kabichi, karoti na vitunguu, kwa upande wao, hufurahia. Hii ndiyo miezi yao, magonjwa ni machache na soko lina njaa. Mkulima wa kabichi hatamani Julai iishe. Kwa hiyo nisionekane nasema kwamba baridi ni adui wa kila jani. Nazungumzia majani fulani, yale ambayo bila hayo bukari, yaani ugali wetu, hailiki.

Hata hapo lazima tutenganishe. Lengalenga haimsumbui mtu. Hukomaa, hukauka, hutoa punje nyeusi ndogo zisizo na idadi, nazo hukaa miezi yote ya kiangazi ndani ya chupa ya dawa iliyooshwa au kwenye pindo la kitambaa. Punje haioni baridi. Taabu iko kwa mimea inayopandwa kwa kipande cha mwili wake: muhogo kwa pingili ya mti, kiazi kitamu kwa rando, mgomba kwa chipukizi. Huwezi kuviweka chupani. Kuanzia mvua ya mwisho hadi mvua ya kwanza, vipande hivyo lazima viwe hai kila siku, na siku moja ya kufa inatosha. Wahenga wamesema akiba haiozi. Aliyeyasema hayo hakuwahi kuweka akiba ya marando.

Ukitaka kuelewa ugumu wenyewe, uangalie usiku mmoja wa Julai na mahali hewa inapokwenda. Jua likizama, ardhi huanza kurudisha joto lake juu, na kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia, linakwenda moja kwa moja. Hewa iliyo karibu na udongo hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka polepole kufuata mteremko, sawa na maji, ikajikusanya pale maji yanapojikusanya, yaani demboni. Hapo ndipo penye fitina ya mji huu. Kiangazi, mahali penye maji ya kumwagilia ni chini, kandokando ya vijito vinavyoelekea mto Lubumbashi na Kafubu. Na chini ndiko baridi inakolala. Juu, kwenye nyumba, kuna joto kidogo: kuta za matofali yaliyofyatuliwa kwa udongo wa kichuguu hushika jua la mchana na kuliachia usiku, mabati huzuia umande, mbabula, jiko la makaa, huwaka. Lakini juu hakuna maji. Bomba hukauka, kisima hushuka, na bido (dumu) ya maji iliyobebwa kichwani haimwagwi kwenye rando hivi hivi.

Basi mwenye marando demboni anaweza kuyapoteza kwa jalidi la usiku mmoja, na mwenye marando nyumbani anaweza kuyapoteza kwa kiu ya wiki tatu. Hakuna mahali pa salama. Nadhani watu wengi wanaoandika juu ya kilimo cha mijini huku hawalioni hili, kwa sababu huja mchana, na mchana wa Julai Lubumbashi ni mzuri kupita kiasi: jua la dhahabu, nyuzi 25 au 26, hewa safi ukiondoa moshi wa pori linalochomwa.

Wenye kulima hapa hufanya nini? Kwanza, mambo madogo. Chini ya bomba la bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea ukutani, huchimbwa kijishimo na kusukumiwa marando machache. Sabuni kidogo haiyaui. Ukuta uko nyuma yake, mgomba uko juu yake na kuzuia sehemu ya anga, na kila anayeoga anamwagilia bila kujua. Jioni zinazotisha, yaani zile zisizo na upepo kabisa, hutandazwa gunia au nyasi kavu juu yake, na asubuhi huondolewa kabla jua halijawa kali. Kumwagilia hufanywa mchana, udongo upate muda wa kunywa joto pamoja na maji. Anayemwagilia magharibi analaza mimea yake ikiwa imelowa.

Miti ya muhogo hutunzwa kwa namna nyingine. Shina likishavunwa mizizi, mti hukatwa mrefu, ukafungwa na wenzake mafungu kwa kamba ya mpira wa gurudumu, kisha fungu husimamishwa wima chini ya mwembe, miguu ikiwa imefukiwa udongoni kiasi cha kiganja, na juu hufunikwa nyasi. Lazima isimame kama ilivyokuwa shambani. Ukiupindua mti, kichwa chini, umeuchanganya. Kila baada ya siku kadhaa mtu huinama na kukwangua gome kwa ukucha. Chini ya gome la kahawia kuna ngozi ya kijani, na kwenye kijani hutoka tone la utomvu mweupe, zito, linalonata kidoleni. Tone likitoka haraka, mti uko hai. Likichelewa, fungu linasogezwa kivulini zaidi. Pakiwa pakavu, unaukata sehemu hiyo na kukwangua chini zaidi, mpaka ukutane na maziwa au uishiwe na mti. Miezi mitatu inavumilika; baada ya hapo pingili huchoka, na hata zikiota huota kwa uvivu.

Wazungu wana njia yao ya kuvusha mimea ya joto kwenye baridi, nayo inatuhusu kuliko tunavyokumbuka. Huko Laeken, pembeni mwa Brussels, mfalme Leopold II alimwagiza msanifu Alphonse Balat amjengee nyumba za chuma na vioo kwa ajili ya mitende na maua ya nchi za mbali. Kazi ilianza 1874. Mwaka 1886 ikaongezwa nyumba iliyopewa jina la Kongo, iweke mimea ya nchi ambayo mwaka mmoja tu nyuma mfalme alikuwa ameifanya mali yake binafsi, na ambayo hakuikanyaga hata mara moja maishani mwake. Alifia hapohapo Laeken tarehe 17 Desemba 1909, kwenye jumba lililo jirani na vioo vyake, linaloitwa la mitende. Mwaka uliofuata mji wetu ulianzishwa, ukaitwa Élisabethville kwa jina la mke wa Albert, mtoto wa ndugu yake aliyemrithi. Nyumba hizo zipo hadi leo, na kila majira ya kuchipua hufunguliwa wiki chache wananchi waingie kutazama. Wakongo waishio Ubelgiji huingia pia. Sijui mtu anajisikiaje akilipa kiingilio aone nchi yake chini ya kioo.

Ila mimi, ukiniuliza, kinachonivuta zaidi kwenye nyumba ile ni namna ilivyo rahisi kuiua. Paa moja, ufunguo mmoja, moto mmoja. Moto ukizimika usiku wa Januari na mlinzi amelala, asubuhi yote yamekufa kwa pamoja, mtende na ua. Ndiyo maana nyumba kama hiyo inahitaji mfalme, au walau kodi.

Katuba haina nyumba ya vioo. Ina desturi. Mwezi wa tano, wakati matembele yangali yamenawiri na hakuna anayeyahitaji, mwanamke hukata marando yake na kuyagawa. Anampa shemeji aliyeko Kisanga karibu na maji, anampa jirani mwenye bafu lenye kuta mbili, anampa mama wa kanisani anayelima demboni, anampa hata yule ambaye hawaelewani sana, kwa kupitia mtoto. Hapokei fedha. Ukitazama kwa haraka utasema ni ukarimu, na ukarimu umo. Lakini imo pia hesabu: marando yakiwa mahali sita, jalidi litakula ya demboni, kuku watakula ya nyumbani, kiu itakula ya shemeji, na ya mmoja yatabaki. Hajui ni ya nani. Hana haja ya kujua. Mvua ikishanyesha atapita nyumba kwa nyumba kuuliza, na popote yalipobaki ana haki ya kukata.

Haki hiyo haijaandikwa popote, na ni ngumu kuliko inavyoonekana. Aliyetunza ndiye mwenye marando, kwa sababu maji yalikuwa yake. Aliyetoa naye ni mwenye marando, kwa sababu mbegu ilikuwa yake. Adabu ni kwamba anayekuja kukata haanzi yeye na kisu. Anamsubiri mwenyeji akate, kisha anaruhusiwa kusema bado, bado, ongeza. Na mwenyeji hawezi kusema yamekwisha ilhali yanaonekana. Nimewahi kuona matembele yaliyofunikwa gunia mchana kweupe mwezi wa kumi na moja, na si kwa sababu ya baridi.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao mikono yenye bidii huuchukia, nao ni kutofanya kitu. Jalidi likipita juu ya mgomba, majani hugeuka kahawia, yakaning'inia kuzunguka shina, na lupango ikawa na sura ya nyumba iliyohamwa. Kijana mwenye panga atataka kuyasafisha. Nilimsikia mama mmoja wa mtaa wa Kimilolo akimkataza mwanawe: «Achaka kwanza, mwanangu. Hayo majani yanafunika mama yao.» Alikuwa sahihi. Jani lililokufa huzuia usiku unaofuata usilifikie shina, na ukilikata unaualika mmea utoe chipukizi katikati ya Julai, chipukizi laini litakalokufa kabla ya wiki kwisha. Vivyo hivyo mbolea: samadi ya kuku ukiitia mwezi wa saba umeuambia mmea kwamba kumekucha na bado ni usiku. Mpapai uliopukutisha majani haumwagiliwi kwa huruma, maana mizizi iliyopoa hainywi, nayo huoza. Lupango mbaya kuiangalia ndiyo iliyotunzwa vizuri mwezi huo, na si kila mgeni anaelewa.

Wengine husema haya yote ni umaskini tu, na kwamba mtu mwenye mshahara hununua sombe, yaani kisamvu, sokoni na kulala. Historia inawapa haki kidogo. Bustani za mji huu ziliongezeka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoanza kuporomoka miaka ya 1990, na mwaka 2003, wafanyakazi wake 10,655 walipolipwa na kuondolewa katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la kuondoka kwa hiari, wengi waliokuwa wakipanda kwa kujifurahisha walipanda kwa kula. Lakini wake wa wenye mishahara nao walikuwa wakigawiana marando tangu zamani, na wenye gari leo bado husimamisha gari kuomba pingili. Umaskini haukuleta desturi hii, ingawa ndio ulioiongezea watu.

Desturi hii ina kasoro yake, tena kubwa. Kipande cha mwili hubeba ugonjwa wa mwili. Muhogo wenye batobato, ule ambao majani yake hujikunja na kuwa na madoa ya njano, ukikatwa pingili kumi na kugawiwa nyumba kumi, umezipa nyumba kumi batobato. Kisha nzi weupe wataumalizia mtaa. Kiazi kitamu nacho kina virusi vyake vinavyosafiri ndani ya rando bila kuonekana. Kutawanya huokoa mbegu na baridi, na wakati huohuo huitawanya homa. Wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima, wamefundisha njia nyingine sehemu mbalimbali za Afrika: viazi vizima visivyo na jeraha hupangwa ndani ya beseni la mchanga mkavu, huachwa vichipue vyenyewe, na wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua hupandwa kitaluni na kumwagiliwa ili vitoe marando mapya. Ni akili nzuri, na haihitaji maji miezi yote ile. Inahitaji kitu kimoja kigumu zaidi, nyumba yenye watoto ambamo beseni la viazi linakaa miezi mitatu bila kuguswa.

Kwa sasa tishio la karibu ni jingine. Dembo zinajengwa. Mji umepanuka, kiwanja kimepanda bei, na bonde ambalo zamani lilikuwa la matuta ya mboga huamkia na vigingi, halafu matofali, halafu ukuta wenye vipande vya chupa juu. Pale palipobaki kuna shida nyingine: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga za bustani za mji wakakuta shaba, risasi na kadmiamu, urithi wa zaidi ya miaka 100 ya kuyeyusha madini. Watunza mbegu wamesogea. Wengine huweka marando kwenye magunia ya udongo juu ya ngazi za nyumba. Wengine huyapeleka kwa ndugu barabara ya Kipushi na kuyafuata kwa basi.

Asiyelima hudhani Agosti ikiisha hatari imekwisha. Usiku unapata joto, miti ya miombo inatoa majani mekundu bila kungoja mvua, jakaranda inachanua mjini, na kila mtu anavua koti. Hapo ndipo marando mengi hufa. Septemba na Oktoba jua hupanda, mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi, visima huwa chini kabisa, na mmea uliokwisha kuamka unadai maji ambayo hayapo. Kilichovuka jalidi kinauawa na joto likiwa limebaki juma moja mvua inyeshe. Wenye uzoefu huweka bido yao ya mwisho kwa ajili ya wiki hizo, na ile mvua ya kwanza ya vumbi hawaiamini. Huingiza mkono udongoni, na wakikuta pakavu kabla ya kiwiko hurudi ndani.

Mvua ya kweli ikishanyesha, mizunguko huanza. Mwaka jana nilikuwa nimekaa kwa jirani alipoingia mwanamke mwenye kitambaa cha kufungia mzigo.

«Jambo, mama. Mbegu yangu iko?»

«Jambo sana. Iko. Kuja na kisu.»

Walikwenda nyuma ya bafu. Baada ya kitambo nikasikia sauti ya mgeni imepanda.

«Mama, hii haiko yangu. Yangu ilikuwa na shina jekundu.»

«Ya kwako ilikufa mu mwezi wa kumi. Hii ni ya mama wa pa kona. Weye panda tu.»